Basi la Kwaya Lapewa Akili Mpya

Dereva wa basi la kwaya alikuwa na hamu moja tu duniani, nayo ilikuwa shati. Si shati lolote. Alilitaka lile la sare, la rangi ya matofali, lenye kola nyeupe na mfuko mdogo usiobeba hata kalamu. Wanaume wote wa kwaya walikuwa nalo. Mkewe, aliyeongoza sauti ya kwanza, alikuwa na gauni la kitambaa hicho hicho, na kila Jumamosi Dereva alilipiga pasi mwenyewe, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani. Kisha yeye akavaa fulana yake ya duka la matairi, akashika usukani, akawapeleka waimbaji kwenda kupigiwa makofi.

Aliwahi kuliomba shati hilo kikaoni. Mwalimu wa kwaya, mtu mrefu mwenye shingo ya kuchungulia ukutani, alimjibu mbele za watu.

"Ndugu yangu Dereva, sare ni ya wenye sauti. Wewe sauti unayo?"

Dereva akasimama, akakohoa, akatoa aliyokuwa nayo. Mzee mmoja wa sauti ya nne, mnene kama kabati, akauliza ni nani aliyemkanyaga mbuzi. Watu wakacheka mpaka kikao kikavunjika bila kufungwa kwa sala. Njia nzima ya kurudi nyumbani mkewe alimpapasa mgongo, naye Dereva akisema hakuumia, hakuumia hata kidogo, shati lenyewe halina mfuko wa maana.

Basi injini ya basi ikafa. Ilikuwa injini ya zamani, yenye pistoni sita, kubwa, nzito, ya kabureta. Ilifia mlimani, ikiwa imebeba kwaya nzima. Iligonga mara mbili, ikapiga chafya, ikamwaga oili yote barabarani kama mtu aliyeamua kutubu. Waimbaji wakashuka, wakasukuma. Kusukuma walikuwa wamezoea, kwa sababu starta ya basi hilo ilikwisha kufa siku nyingi. Ndiyo maana Dereva hakuwahi kuizima injini popote walipokwenda kuimba. Alikuwa akiegesha chini ya dirisha la ukumbi, anaiacha ingurume, naye anakaa kwenye kiti chake akiwasikiliza. Angeizima, waimbaji wangetoka jukwaani moja kwa moja hadi nyuma ya basi na sare zao.

Gereji ya kuliponya ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyu alikuwa fundi wa umeme wa magari, mdogo wa umbo, mwenye penseli nyuma ya kila sikio. Alitafuta injini nyingine akapata ya pistoni nne, kutoka kwenye gari lililopata ajali, pamoja na gia boksi yake ya kujibadilisha yenyewe. Akachonga mabano ya kuishikilia, akaikalisha, ikakaa vizuri kama iliyozaliwa humo. Siku ya Jumatatu akamwita Dereva, akamsimamisha mbele ya meza.

"Shemeji, mwili tumeupata. Sasa tuchague akili."

Mezani palikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kiboksi cha bati chenye waya nyingi, kama pweza aliyevutwa na gari. Cha pili kilikuwa kiboksi cheusi, kipya, kisicho na mkwaruzo. Cha tatu kilikuwa kabureta, kichanganyio cha mafuta na hewa cha injini za zamani.

"Hili la bati ndilo kontrol boksi lililokuja na injini," Shemeji akasema. "Ndilo linaloamua mafuta kiasi gani, cheche iruke saa ngapi. Linaijua injini hii tangu kiwandani. Ubaya wake lina maswali. Linauliza funguo yake iko wapi, mlango wake uko wapi, dashibodi yake iko wapi. Usipolijibu linanuna, na gari linatembea kama linakwenda kukiri kosa."

"Lina tabia za mama yako."

"Mama yangu ni mama mkwe wako, shemeji. Chunga mdomo, nitampigia simu." Akakigusa cha pili. "Hili jeusi ni boksi la kufundishwa. Halijui kitu. Unalichomeka kwenye laptopu, unaliambia kila jambo: ukipata joto fanya hivi, ukikanyagwa mafuta fanya vile. Linatii. Ila ulichosahau kulifundisha, halitakuuliza."

"Na kabureta?"

"Kabureta nimeiweka hapo ili meza isionekane tupu."

Dereva akakuna kidevu. Kwake yeye gari lilikuwa gari. Likiwaka na kusimama linapoombwa kusimama, akili ya aina gani si shauri lake. Akasema Shemeji aweke hilo la bati, la kuzaliwa, maana halihitaji shule. Wakakubaliana.

Jioni hiyo palikuwa na mazoezi. Wanakwaya walikuja kwa miguu, na Dereva naye akaja kwa mazoea, akakaa benchi la nyuma. Mashindano yalikuwa Jumamosi ile ile. Mwalimu akasimama mbele, akainua mkono wa kulia, akaelekeza sikio la kushoto dirishani kama afanyavyo siku zote, akafumba macho. Kwaya nzima ilimsifu kwa hilo. Walisema Mwalimu hahitaji kinanda wala filimbi; sauti ya kuanzia anaiokota hewani.

Akangoja. Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Mwalimu akafumbua jicho moja, akatazama dirishani, akalifumba tena. Mwishowe akatoa sauti.

Ilikuwa juu mno. Sauti ya kwanza wakaanza wamekaza shingo, na walipofika kwenye kiitikio, mke wa Dereva alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu na macho yamemtoka. Mwalimu akawasimamisha. Akafumba macho upya, akatoa nyingine. Hii ikawa chini kiasi kwamba yule mzee kabati wa sauti ya nne alifungua mdomo pasitoke kitu, akabaki anatazama kifuani pake kama mtu aliyedondosha kifungo.

"Leo hewa ni nzito," Mwalimu akasema, akipangusa paji la uso.

Dereva, kule nyuma, aliinuka nusu kutoka benchini. Aliangalia lile dirisha. Chini yake, kwa miaka yote hiyo, palikuwa na basi linalonguruma. Basi ndilo lililokuwa likitoa sauti ya kuanzia. Na katika ukumbi ule watu waliolijua hilo walikuwa wawili: yeye, tangu dakika ile, na mtu mwenye shingo ndefu aliyekuwa akikwepa macho yake.

Kesho yake asubuhi Mwalimu alitokea gereji, amevaa koti.

"Nimepita tu kuangalia maendeleo," akasema. Akalizunguka basi, akapiga tairi teke dogo, la heshima. "Hii injini... itanguruma kama ile ya zamani?"

"Kama ya zamani vipi, Mwalimu?" Dereva akauliza kwa upole.

"Vile vile. Kwa jumla."

"Kwa jumla, au kwa sauti?"

Mwalimu akatazama huku na huku, akamsogelea. "Ndugu yangu, usinifanye niseme."

"Sijakufanya, Mwalimu."

"Umenielewa."

"Nimekuelewa tangu jana."

Mwalimu alipokwenda kunawa mkono ulioshika grisi, Shemeji akamnong'oneza Dereva: "Hapo hapo. Mwambie shati kwanza."

"Nikilipata kwa kumbana, litaniwasha mwilini."

"Basi washwa ukiwa umependeza."

Lakini Dereva alikataa. Alitaka kupewa shati na mtu aliyetaka kumpa.

Wakaiwasha injini na lile boksi la bati. Iliwaka kwa mguso mmoja. Ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, ambao mafundi wanauita sailensi, ulikuwa wa chini, laini, kama mzee anayesimuliwa jambo asilolijali. Mwalimu akainua mkono, akategea sikio, uso ukamwanguka.

"Hiyo si sauti. Hilo ni tumbo."

"Ni hesabu tu, Mwalimu," Shemeji akasema. "Zamani mlikuwa na pistoni sita, kama watu sita wanaopiga ngoma moja kwa zamu. Sasa wako wanne. Mkitaka mdundo ule ule, kila mmoja apige haraka zaidi. Sailensi ipande."

"Ipandishe."

Shemeji akaingiza bisibisi, akaongeza hewa. Injini ikapanda kidogo. Halafu lile boksi likagundua, likairudisha pale pale. Akaongeza tena, likairudisha tena. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, na injini ikaanza kukohoa kwa kususa.

"Mama mkwe huyo," Dereva akasema.

"Nampigia simu kweli."

Mwalimu akaiona kabureta mezani, akaichukua. Hii, akauliza, si ilikuwa na skrubu ya kukaza na kulegeza? Shemeji akamnyang'anya kwa adabu. Kabureta, akamweleza, inanguruma hivi kukiwa na baridi na vile jua likiwaka. Kwaya itaimba wimbo mmoja asubuhi na mwingine mchana, na maneno yakiwa yale yale. Likabaki lile boksi jeusi la kufundishwa. Shemeji akatoa la bati, akachomeka jeusi, akafungua laptopu juu ya boneti, akatandaza vidole.

"Haya. Sailensi niiweke wapi? Nipeni sauti."

Akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, imba ile sauti, mimi niifuate."

Mwalimu akafungua mdomo, akaufunga. Hakuwa nayo. Miaka yote alikuwa akiiokota dirishani na kuigawa papo hapo; hakuwahi kuiweka akiba. Akajaribu moja, akatikisa kichwa. Akajaribu nyingine. Dereva naye akajaribu, na mtu aliyekuwa akipita njiani akaongeza mwendo.

Ndipo mke wa Dereva akaingia na chakula cha mume wake na cha kaka yake. Akawakuta wanaume watatu wazima wamezunguka injini, kila mmoja anaimbia radieta wimbo wake. Akataka kuelezwa. Wakaelezana kwa macho nani aseme, mwishowe Mwalimu akasema mwenyewe, akitazama viatu vyake. Mama yule hakucheka. Aliweka vyombo chini, akashika kiuno.

"Hiyo sauti mnayoitafuta ninayo kila usiku."

"Unaikumbuka?" Mwalimu akauliza.

"Siikumbuki. Ninalala nayo. Huyu bwana anakoroma hiyo hiyo."

Dereva akaona masikio yake yakipata moto. "Mimi sikoromi."

"Baba watoto, umekaa juu ya injini ile nusu ya maisha yako. Unadhani ilikuingia wapi? Kuna siku nimeota tumefika kwenye mashindano."

"Shemeji," akasema fundi, akivuta kiti kirefu cha basi kilichong'olewa, "kula ushibe, halafu ulale."

Kulala huku unasubiriwa si kazi nyepesi. Dereva alikula, akajilaza, akafumba macho. Alisikia Mwalimu akipumua karibu na pua yake. Alisikia laptopu ikilia. Akafumbua jicho: mkewe amekaa juu ya tairi anampepea kwa kipande cha boksi, Shemeji amepiga magoti na kidole juu ya kitufe, Mwalimu ameinama kama daktari.

"Mnaniangalia."

"Hatukuangalii. Tunakusikiliza," Mwalimu akasema. "Lala, ndugu yangu. Tafadhali sana."

Alikuwa hajawahi kuambiwa tafadhali na Mwalimu. Lile neno likamtuliza, na chakula kikafanya kilichobaki.

Alipozinduka alisikia basi lake. Lile la zamani, pistoni sita, mngurumo ule unaomwingia mtu kwenye makalio na kutokea kwenye meno. Akadhani amesinzia barabarani. Akakanyaga breki kwa nguvu zote, na breki hiyo ilikuwa debe la maji. Maji yakamwagikia suruali ya Mwalimu, naye hakujali. Alikuwa amesimama na mkono juu, macho yamefumbwa, analengwalengwa na machozi.

"Ndiyo hiyo," alikuwa akisema. "Ndiyo hiyo, ndiyo hiyo."

Shemeji akakiandika kiwango kile ndani ya boksi jeusi, na kazi ikaonekana imekwisha. Kisha wakalitoa basi barabarani, wakagundua jambo. Injini inayonguruma kwa kasi ile, ikiwa na gia ya kujibadilisha, haikubali kusimama. Dereva alipolitia gia tu, basi likaondoka bila kukanyagwa mafuta. Kwenye kila njia panda alisimamia breki kwa miguu yote miwili, na basi likamsukuma mbele kama ng'ombe aliyeona maji. Walirudi gereji Dereva akichechemea.

"Tukiishusha sailensi, kwaya inakosa sauti," Shemeji akasema. "Tukiiacha, tutamgonga askari." Akawaza, akatoa penseli moja, akairudisha sikio la pili. Halafu akafunga swichi ndogo chini ya usukani. Ikielekea chini, basi lilikuwa la barabarani, sailensi ya kawaida. Ikielekea juu, lilikuwa la kwaya. Boksi la bati lisingekubali kamwe kuwa na nia mbili. Jeusi lilikubali bila kuuliza.

Jumamosi wakaenda. Waimbaji walipanda wakalisifu basi kwa utulivu wake, na hakuna aliyewaambia lolote. Starta ilikuwa nzima sasa, lakini Dereva aliegesha chini ya dirisha la ukumbi vile vile, akapandisha swichi juu, akaiacha injini ingurume. Alivaa fulana yake ya duka la matairi. Shemeji alikaa kwenye ngazi ya basi, laptopu mapajani. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi juu ya vichwa vyao. Dereva aliweza kuona kichwa cha Mwalimu, kola za sare, na skafu ya mkewe.

Kwaya yao ikaitwa. Mwalimu akainua mkono, akategea sikio.

Na hapo hapo feni ya radieta, ile ya kupoza injini, ikawaka. Injini ikaelemewa, mngurumo ukateremka.

Shemeji akapigwa na butwaa. "Mama yangu. Sikulifundisha habari ya feni."

Dereva alikuwa ameshaisikia kabla hajaambiwa, na si kwa masikio peke yake. Mguu wake wa kulia ulikwenda kwenye mafuta wenyewe. Akakanyaga kidogo, kama mtu anayepima joto la maji ya mtoto, mngurumo ukapanda. Ukapitiliza. Akaurudisha kiasi cha unywele mmoja, ukakaa mahali pake. Feni ikazima, injini ikataka kuruka, akaulegeza mguu. Ikawaka tena, akaongeza. Mtu aliyeambiwa hana sauti alikuwa ameishika sauti kwa kidole gumba cha mguu, na jasho linamtoka.

Ukumbini jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akagonga meza.

"Kuna gari linanguruma nje. Naomba lizimwe kabla kwaya haijaanza."

Dereva aliyasikia maneno hayo wazi kabisa. Mkono wake ukaenda kwenye funguo. Shemeji akamshika kiwiko. "Ngoja."

Kule ndani Mwalimu hakuwa amefumbua macho. Wanakwaya walianza kutazamana. Jaji akarudia, sasa kwa mkazo, na mlinzi akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Mheshimiwa," Mwalimu akasema, "hatuwezi kulizima. Huyo ni mwanakwaya wetu."

"Gari?"

"Dereva. Ndiye anayetupa sauti ya kuanzia. Ametupa siku zote. Mimi..." Akaushusha mkono. "Mimi naipokea tu."

Mzee kabati wa sauti ya nne alimgeukia Mwalimu kinywa wazi. Mke wa Dereva alitazama mbele, kidevu juu.

Jaji akapekua karatasi zake, akanong'onezana na wenzake. "Kanuni hazikatazi mwanakwaya kukaa nje," akasema hatimaye. "Lakini kila anayeshiriki sharti awe na sare. Huyu wenu anayo?"

Mwalimu aligeukia ukuta, akavua koti, akavua shati, akalirudisha koti na kulifunga vifungo mpaka kooni. Shati likapita kutoka mkono hadi mkono, sauti ya tatu, sauti ya pili, likafika dirishani kwa mwanamke wa skafu, naye akalidondosha chini. Shemeji akalidaka.

Kulivaa ikawa kazi, kwa sababu mguu haukuweza kuondoka kwenye mafuta. Dereva alivua fulana kwa mkono mmoja, Shemeji akamvisha kama anayevisha mto foronya. Shati lilikuwa la mtu mrefu mwembamba, na Dereva alikuwa mfupi wa kushiba. Mikono ilifunika vidole. Kifungo cha juu kilikubali, vingine vikakataa, na tumbo likatokeza hadi kwenye usukani. Alijitazama kwenye kioo. Akaiweka kola sawa.

"Umependeza," Shemeji akasema.

"Usinifanye nicheke. Nitapoteza sauti."

Mwalimu, na koti lake la kubana, akainua mkono tena, akategea sikio. Mngurumo ulikuwa umetulia pale pale. Akauchukua, akaugawa. Sauti ya kwanza wakaingia na visigino vyao sakafuni, sauti ya nne wakaupata mlango wao bila kupapasa, na wimbo ukatoka dirishani mzima mzima ukamwangukia Dereva kichwani.

"Sasa waweza kuachia," Shemeji akanong'ona. "Wameshaipata."

Dereva akatikisa kichwa. Feni ikawaka, akaongeza, ikazima, akapunguza. Paja lilikuwa likitetemeka, na kola ikimkaba. Aliushika mguu hapo hapo ubeti wa kwanza, wa pili, na ule mrefu wa tatu ambao hata wenyewe huwa wanaukwepa, kwa sababu mwanakwaya haondoki katikati ya wimbo.